Barua ya wazi kwa viongozi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani: mwenye jengo akiondoka, mji ubaki na nini?

Kwa Mheshimiwa Meya, Waheshimiwa Madiwani na Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Nakala kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara na kwa wenzenu wa Manispaa ya Lindi.

YAH: MASHARTI YA KUANDIKWA KWENYE HATI KABLA YA KUTOA KITALU KIKUBWA KANDO YA BAHARI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu na mkazi wa manispaa hii. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia kusimika bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, na kusoma michoro ya mipango miji, kwa hiyo mtaniwia radhi nikisema zaidi kuhusu mipaka, njia na mita kuliko kuhusu uzuri wa majengo. Siandiki kupinga mradi wa mtu yeyote. Naandika mapema kwa makusudi, kwa sababu neno la mwananchi likifika kabla ya hati kutolewa huitwa maoni, na likifika baada ya hapo huitwa malalamiko.

Tangu gesi ya kina kirefu cha bahari ilipoanza kugunduliwa mwaka 2010, Mtwara na Lindi zimezoea kupokea wageni wenye michoro. Tuliona bei za viwanja zikipaa na nyumba za wageni zikiota kila kona. Kisha bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, mafundi wakafunga mizigo yao, na vyumba vingi vikabaki na funguo zake mapokezi. Hata hivyo mkoa haukulala. Kiwanda kikubwa cha saruji kinafanya kazi Msijute, bandari imeongezewa gati, makaa ya mawe ya Ruvuma yanapita hapa kwenda nje ya nchi, na mazungumzo ya mradi wa kusindika gesi asilia kule Likong'o, Lindi, yamekuwa yakiendelea kwa miaka. Ipo siku atakuja mjenzi mwenye mtaji wa kutosha, naye atataka kitalu kimoja kikubwa ufukweni ili aweke humo hoteli, ofisi, maduka na nyumba za kuishi, vyote ndani ya uzio mmoja. Atafika na mchoro wa rangi, wenye miti ambayo haijapata kuota Mtwara na watu wanaotembea bila hata kikapu mkononi. Nanyi mtaambiwa mwamue upesi, kwa kuwa mikoa mingine nayo inamsubiri.

Siku hiyo, kabla ya kuuliza jengo lina ghorofa ngapi na mradi una thamani ya shilingi bilioni ngapi, naomba muulize jambo moja ambalo halimo kwenye mchoro: mwenye jengo akifilisika, akiuza au akihama, mji utabaki na nini ambacho hakihitaji ruhusa yake?

Mfano unaonifanya niulize hivyo unatoka Detroit, Marekani, jiji lililojengwa na viwanda vya magari. Mwaka 1967 jiji hilo lilikumbwa na machafuko makubwa, na wenye uwezo, ambao walikuwa wameshaanza kuhamia pembezoni, wakazidi kuondoka. Mwaka 1971 Henry Ford wa Pili, mjukuu wa mwanzilishi wa kampuni ya Ford, alitangaza mradi wa kuurudishia uhai mji wa katikati. Aliyakusanya makampuni makubwa ya jiji yatie mitaji, na kazi ya usanifu akaikabidhi kwa John Portman wa Atlanta, ambaye alikuwa na sifa ya kuwa msanifu na mwekezaji wa majengo kwa wakati mmoja. Mradi uliitwa Renaissance Center. Katikati ilisimama hoteli ya ghorofa 73, ikazungukwa na minara minne ya ofisi yenye ghorofa 39 kila mmoja, yote ukingoni mwa Mto Detroit. Ulipozinduliwa mwaka 1977, hoteli hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote duniani. Nia ya Ford sina sababu ya kuitilia shaka. Aliupenda mji wa ukoo wake na alitumia jina lake lote kuusaidia.

Sasa tuache minara, tutazame chini, mahali ambapo mpima ardhi hutazama kwanza. Upande wa barabara ya Jefferson, yaani ule ulioelekea mjini, yaliwekwa matuta makubwa ya zege yenye mitambo ya kupasha na kupoza hewa ndani yake. Mtu aliyetoka mjini kwa miguu alivuka barabara pana ya magari, na baada ya kuivuka akakutana na ukuta. Aliyebahatika kuingia alikuta njia zinazozunguka kwa duara, na ikawa kawaida wageni kupotea humo ndani. Mto wenyewe, ambao ndio uliolipa eneo hilo thamani, ulikuwa nyuma ya jengo na haukufikika kwa urahisi. Isitoshe, sehemu ya ofisi zilizoingia kwenye minara ile zilihama kutoka majengo ya zamani ya hapohapo katikati ya mji. Kwa hesabu za mradi walikuwa wapangaji wapya, lakini kwa hesabu za mji ni watu walewale waliobadilisha mlango, wakaacha giza mitaa waliyotoka.

Ujenzi ulikuwa umegharimu zaidi ya dola milioni 300. Mwaka 1996 kampuni ya General Motors, mshindani mkubwa wa Ford, iliununua mkusanyiko wote kwa chini ya dola milioni 80, kisha ikatumia mamia ya mamilioni ya dola kuukarabati. Naomba mzingatie kazi ipi ilifanyika katika ukarabati huo. Matuta ya zege yalibomolewa ili jengo lionane na mji. Ndani ikatundikwa njia ya kioo ya mviringo ili watu wasipotee. Upande wa mto ukajengwa ukumbi mkubwa wa kioo na mlango wa kutokea majini. Karibu kila kilichoufanya ukarabati ule uonekane kilifanyika usawa wa miguu ya mtu, na kingeweza kuchorwa tangu mwanzo kwa gharama ya wino.

Kisha General Motors nayo ikaamua kuondoka. Mwaka 2024 ilitangaza kwamba makao yake makuu yanahamia jengo jipya mtaa wa Woodward, kwenye kiwanja ambako zamani lilikuwapo duka maarufu la Hudson's, na mwaka huohuo, pamoja na kampuni ya Bedrock, ikatoa mpango ambao ndani yake minara miwili kati ya ile mirefu ingebomolewa. Miaka ilikuwa haijatimia hamsini tangu uzinduzi. Kinachobaki bila ubishi ni njia ya miguu iliyojengwa kandokando ya mto katika miaka ya 2000, ambapo mtu wa Detroit anatembea na mwanawe bila kujali minara ya nyuma yake ni mali ya nani wiki hii.

Mtaniambia kwamba Detroit ilikuwa na magonjwa yake mwenyewe, na ni kweli. Kwa hiyo niweke mradi mwingine pembeni yake, nao wa tajiri mmoja, nao ulioanzishwa wakati mbaya. Rockefeller Center ya New York ilikuwa izunguke jumba la opera. Soko la hisa lilipoporomoka mwaka 1929 wenye opera wakajitoa, na John D. Rockefeller Mdogo akabaki na mkataba wa pango la ardhi ya Chuo Kikuu cha Columbia na deni la pango ambalo halikumsubiri. Akaamua kujenga ofisi na kumbi badala ya opera. Kati ya mwaka 1931 na 1939 yalisimama majengo 14. Sitaki mradi huo uonekane wa malaika, maana ili upatikane mahali pa kuujenga, nyumba za watu zilibomolewa kwa mamia na wapangaji kwa maelfu wakaondolewa. Lakini chini ulichorwa tofauti kabisa. Barabara zilizokuwapo ziliachwa zipite, na mpya ikaongezwa katikati. Bustani ndefu yenye mteremko mdogo inamchukua mtu kutoka njia kuu hadi uwanja ulio chini ya usawa wa barabara, bila mlango wala mlinzi wa kumuuliza aendako. Maduka ya kifahari yaliyowekwa kwenye uwanja ule yalidorora, na mwaka 1936 wakauweka kuwa mahali pa kuteleza juu ya barafu. Mpaka leo watu wanakuja kwa ajili hiyo, na maduka yale hakuna anayeyakumbuka.

Wamiliki wake nao wamepishana. Chuo kiliuza ardhi yake mwaka 1985 kwa dola milioni 400. Mwaka 1989 Mitsubishi Estate ya Japani ilinunua sehemu kubwa ya umiliki, na ilipofika mwaka 1995 mradi ukaingia kwenye ufilisi mahakamani. Mtu aliyekuwa akipita pale kwenda kazini wakati huo hakuona tofauti. Njia ilikuwa ileile.

Niongeze jambo moja ambalo wapima ardhi hulipenda: ile barabara ya katikati ni mali binafsi, na kwa desturi hufungwa siku moja kwa mwaka ili umma usije ukadai kwamba imekuwa yao kwa mazoea. Tajiri yule alijua thamani ya kuacha watu wapite, na alijua pia thamani ya kuandika mipaka. Sisi tunatakiwa kujua yote mawili, ila kwa faida ya upande wa pili.

Tusidhani lakini kwamba somo hili ni la ughaibuni. Mji huu wenyewe ni mabaki ya mradi mkubwa. Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa karanga mwaka 1947, na kwa ajili ya karanga za Nachingwea ikachora mji wenye barabara pana, ikajenga reli na bandari ya kina kirefu. Mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya mamilioni ya pauni kuteketea. Bandari ilikamilika mwaka 1954, karanga zake zikiwa zimekwisha kuwa hadithi. Reli, ambayo ilikuwa na kazi moja tu, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo ukimwambia kijana wa Chikongola kwamba treni ilikuwa ikitoka hapa atakutazama usoni kuona kama unamtania. Bandari haikuwa ya zao moja. Imepakia korosho, imepokea mitambo ya gesi, sasa inapakia makaa ya mawe, na haijawahi kumuuliza mtu kama amebeba karanga. Barabara zile pana nazo zimetufaa kwa matumizi ambayo mchoraji wake hakuyaota, yakiwemo ya bodaboda.

Na kwa Mikindani hatuna hata haja ya mfano wa miradi. Nendeni mkakae kwenye baraza yoyote ya nyumba za zamani zilizobaki pale. Ni jukwaa la mawe ya matumbawe lililopigwa chokaa na baadaye saruji, kimo cha goti, limeshikana na ukuta wa mbele wa nyumba lakini liko nje ya mlango. Kingo zake zimelainika kwa kukaliwa. Mwenye nyumba alitoa futi kadhaa za kiwanja chake zikawa za mtaa: hapo wazee walicheza bao, mgeni alisubiri kivulini, muuza mihogo alitua sinia. Nyumba nyingine zimeanguka paa, na baraza bado ina watu. Waliojenga hivyo walikuwa wafanyabiashara waliojua hesabu zao vizuri.

Kwa misingi hiyo, Waheshimiwa, naomba mambo yafuatayo yaingie kwenye masharti ya hati yenyewe. Nasisitiza hati, kwa sababu kibali cha ujenzi hukwisha jengo likikamilika, na makubaliano ya mezani hukwisha waliokaa mezani wakihamishwa. Chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na mwenye hati amepewa haki ya kuitumia kwa muda, uwe miaka 33, 66 au 99, kwa masharti yaliyoandikwa. Sharti lililo kwenye hati humfuata hata mnunuzi wa tatu ambaye hajui Mtwara iko upande gani wa ramani. Najua hati haisainiwi na manispaa peke yake. Lakini mchoro na mapendekezo huanzia kwenye Kamati yenu ya Mipango Miji na Mazingira, na pale ndipo sharti huingia au husahauliwa.

Jambo zito kuliko yote ni ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Wengi tunaridhika hapo. Lakini sheria hiyo inazuia jengo, haifungui njia. Mjenzi anaweza kuheshimu mita zote 60, akaweka ukuta kwenye mita ya 61 kutoka bikoni hadi bikoni, na ufukwe ule ukageuka kuwa uani kwake bila yeye kuvunja kifungu hata kimoja. Kwa hiyo ombi langu ni kwamba kitalu chochote kikubwa cha ufukweni kipimwe kikiwa kimekatwa na njia za umma za kwenda majini, zenye bikoni zake na namba zake, zikibaki nje ya eneo la mwenye hati. Isiwe njia ndani ya kiwanja chake ambayo "ataruhusu". Njia inayoruhusiwa hufungwa siku ya kwanza ya wizi wa ndala.

Wanaoshuka kivuko cha Msangamkuu asubuhi wanaeleza jambo hili vizuri kuliko mimi. Hushuka kwa mkupuo: akina mama wenye ndoo za samaki kichwani, maji ya chumvi yakiwachuruzika mabegani, wanafunzi, baiskeli zenye madumu. Hawatazami kibao chochote. Wanafuata mstari mfupi kuliko yote kwenda sokoni na kwenye bodaboda, na mstari huo unaonekana ardhini hata wakiwa hawapo. Mchoro wowote utakaoletwa uwekewe juu yake mistari ya namna hiyo iliyopo leo; mjenzi aeleze kila mmoja utapita wapi baada ya yeye kujenga, na urefu wake utaongezeka kwa mita ngapi. Ni kazi ya wiki moja kwa mpima mwenye vifaa vya sasa.

Kuhusu maduka, sakafu ya chini iwe na fremu ndogo zenye milango inayofunguka barabarani, si ndani tu. Fremu kumi zenye milango kumi zinaweza kupoteza wapangaji wanne baada ya msimu wa korosho na mtaa ukaendelea kuishi. Ukumbi mmoja mkubwa wa mpangaji mmoja hauna mwendo wa katikati, uko wazi au umekufa. Tunayo hata sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu sehemu za jengo moja kuwa na hati zake tofauti, kwa hiyo hakuna kizuizi kwa mfanyabiashara wa hapa kumiliki mlango wake badala ya kupanga milele. Maegesho ya magari yasiwekwe kati ya jengo na barabara. Mitambo, jenereta na matangi yasielekezwe mjini. Haya mawili hayahitaji maelezo.

Mjenzi atakuja na hoja ya usalama, nayo haifai kudharauliwa, hasa ikiwa wapangaji wake ni makampuni ya gesi. Ofisi zina haki ya kulindwa. Mlinzi akae kwenye ngazi na lifti, si kwenye ufukwe na veranda. Akisema kwamba kuacha njia za umma kunampunguzia eneo la kuuza, atakuwa anasema kweli, na hapo ndipo manispaa inapopaswa kuwa na kitu cha kumpa: ghorofa za ziada, nafuu katika baadhi ya tozo, au muda mrefu zaidi wa kukamilisha maendelezo. Hayo ni majadiliano ya kawaida ya kibiashara. Lisilo la kawaida ni kumpa yote hayo na ukuta juu yake.

Akisema hawezi kujenga kabisa kwa masharti hayo, mwacheni aende. Nalisema hili nikijua kodi na ajira tutakazozikosa. Ufukwe ulio mtupu unaweza kujengwa vizuri mwakani; uliozungushiwa ukuta kwa miaka 99 hauwezi.

Kwa upande wa Lindi, ambako ghuba na mji wa zamani vimekaribiana zaidi na ardhi tambarare ni chache, naona haraka ni kubwa kuliko kwetu. Mradi wa Likong'o ukianza, viwanja vya kando ya ghuba vitaombwa vyote kwa wakati mmoja, na ofisi ya ardhi itaelemewa. Wenzetu wakipitisha masharti hayahaya sasa, mjenzi hatapata nafasi ya kuichezesha miji miwili mnada.

Mwisho, kuhusu ushirikishwaji. Tangazo la kubadili matumizi ya ardhi, likibandikwa kwenye ubao wa ofisi kwa lugha ya kisheria, huwa limetimiza utaratibu. Naomba kwa vitalu vya ufukweni mchoro ubandikwe pia kwenye ofisi za kata zinazohusika na pale kivukoni, ukiwa na maelezo ya ukurasa mmoja yanayosema njia zipi zinabaki na zipi zinakufa, na mkutano wa wananchi usipangwe katika wiki za minada ya korosho, wakati nusu ya watu wako vijijini.

Naomba barua hii ifikishwe kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, na majibu yake, yawe ya kukubali au ya kukataa, yasomwe katika kikao cha Baraza la Madiwani cha robo mwaka ijayo, ambacho wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria. Nitakuwapo, na iwapo Kamati itahitaji mtu wa kuchora mistari ile ya kivukoni, nitaifanya kazi hiyo bila malipo.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mpima ardhi mstaafu,
Mtwara